Mpaka Usio na Urefu

Baba,

Sikuulizi hali. Jibu lako nalijua, ungesema "Alhamdulillahi" tu, kama ulivyokuwa ukisema hata siku zile kifua kilipokubana ukashindwa kulimaliza neno lenyewe. Nakuandikia kukupa habari, na naanza na ile unayoisubiri. Ami Khalfan ameingia nyumbani. Ameingia kwa mguu wa kulia, amekaa pahala pake pale pale chini ya dirisha, na kahawa kaimwaga kwenye mkeka kama ada yake. Lakini hakukubali kwamba nukta ni mpaka. Usikasirike mapema. Nipe nafasi nieleze, maana ulipokuwa hai hukunipa. Mlikuwa mkisema nyinyi wawili tu.

Kwanza habari za nyumba. Mama ametoka eda. Nguo nyeupe amezifua, akazikunja, akazitia chini kabisa ya sanduku, na siku ya pili yake akapika mkate wa kumimina, wa kwanza tangu ulipoondoka. Haukuumuka vizuri. Anasema hamira ya hapa Maskati haina adabu. Punda wa maji bado anapita asubuhi, na mwenye punda bado anatuita "Zinjibari" ingawa miaka inakwenda tumo kwenye kichochoro hiki hiki na mtungi wetu anaujua kuliko mitungi yake. Mzinga wa ngomeni bado unalia, lango la mji bado linafungwa, na anayetembea usiku bado lazima achukue taa. Fimbo yako iko nyuma ya mlango. Hatujaiondoa, kila mmoja anamngoja mwenziwe aanze.

Atlasi nimeirithi mimi. Hakuna aliyeigombea.

Siku hizi mtu akiniuliza wewe na Ami Khalfan mligombania nini, nashindwa pa kuanzia. Watu hugombania visima, mitende, mirathi. Nyinyi mligombania majimbo ya Amerika. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuja kutupa pole, akaniuliza, nikamweleza yote tangu mwanzo. Alinisikiliza kwa utulivu kabisa, kisha akauliza kama mna mashamba huko.

Mimi nakumbuka ilivyoanza. Atlasi ile ya skuli ndiyo kitabu pekee ulichoshuka nacho melini. Unguja ulikuwa mwalimu wa jiografia, watu wakikuita Maalim njia nzima. Hapa ukawa karani wa kuandika barua za Kiingereza kwa mfanyabiashara wa Kibaniani kule Matrah. Ami Khalfan naye, serveya aliyepima nusu ya Unguja, akawa mtunza ghala la Baniani huyo huyo, anahesabu magunia ya mchele. Yeye akikaa Matrah, sisi Maskati ndani ya ukuta. Kila Ijumaa alikuja kwa miguu akipanda njia ya mlimani, mkala chakula cha mchana pamoja, mkakaa mpaka jua linakaribia kuzama, kisha akaondoka mapema asije akafungiwa lango.

Ijumaa ya kwanza aliichukua atlasi akataka kuifungua kwenye Afrika Mashariki. Ukaweka kiganja chako juu ya kitabu. Ukasema, "Hapo pana maiti wetu, Khalfan. Fungua Amerika. Kule hatujamzika mtu." Jioni ile ulinitaka uzi mweupe wa kushonea kofia, ukazifunga kurasa zile za Afrika kwa fundo, na fundo lile lipo mpaka leo.

Basi mkafungua Amerika. Ukamuuliza kama unavyomuuliza mtoto wa darasa la tano: majimbo gani mawili yana mpaka mfupi kuliko yote? Nadhani ulitaka kumshughulisha kidogo wakati kahawa inachemka. Kumbe ulikuwa unachokoza mzinga wa nyuki.

Ami Khalfan hakukisia. Mpima hakisii. Aliniita kutoka jikoni, "Rayya mwanangu, nipe uzi wako kidogo." Akaulowesha kwa ncha ya ulimi, akaulaza juu ya mstari wa mpaka, akaufuata kila pindo kwa ukucha, akaukata kwa mkasi wangu wa kushonea. Kisha akakata mwengine kwa mpaka mwengine, akazilinganisha. Ijumaa hata Ijumaa. Kofia moja niliyokuwa nikiishona mwaka ule ilichelewa mpaka mwenyewe akanuna, kwa kuwa uzi wote ulikwenda Amerika. Mwisho Ami akapata kipande kidogo mno, kimepinda kama ukucha uliokatwa, baina ya Delawea na Pensilvania. Akakiinua juu kwenye mwanga wa dirisha. "Huu hapa, Maalim. Hakuna mfupi kuliko huu."

Ulikuwa ukimngoja hapo. Nilikuona nikiwa nyuma ya pazia, ulikuwa unatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Ukaweka ncha ya kidole pale yanapokutana majimbo manne, Yuta na Kolorado juu, Arizona na Nyu Meksiko chini, ukasema mpaka mfupi ni wa Arizona na Kolorado. Akakwambia hayagusani. Ukamwambia yanagusana kwa pembe. Akakwambia hiyo ni nukta. Ukasema nukta ni mpaka. Urefu wake sufuri, na sufuri ni fupi kuliko nyuzi zako zote.

Nasema kweli, Baba, sasa huwezi kunipiga jicho: mimi niliona Ami Khalfan ana haki. Alisema mpaka ni kitu cha kupimwa, na yeye ameweka mawe ya mipaka Unguja nzima, hajaona mtu kumlipa mpima kwa kupima nukta. Alisema mtu hawezi kupita pale, mguu mmoja utakuwa Yuta na mwengine Nyu Meksiko, sasa ametokaje Arizona akaingia Kolorado? Wewe ukajibu, "Akitaka kupita atapita." Basi. Nikadhani hilo si jibu. Nikasikitika kwamba baba yangu, mtu wa kusoma, anashindwa hoja na mtunza magunia.

Unamkumbuka yule Mmarekani? Alikuwa na wale watafuta mafuta, akaingia dukani kwa Baniani kununua samaki wa makopo. Mkamkamata nyinyi wawili kama askari wa forodha. Mkamuuliza mpaka wa nchi yake. Akakuna kichwa, akasema yeye mtu wa Teksas na hajapata kuliwazia jambo hilo maisha yake yote. Kisha akakuulizeni kwa nini mnataka kujua. Ami Khalfan alitusimulia mwenyewe: mlitazamana, na Mmarekani akaenda zake na makopo yake. Mama alicheka siku ile mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Mimi nikacheka kwa sababu Mama anacheka.

Halafu ikaja Ijumaa ile mbaya. Joto lilikuwa limekaa kwenye kuta, hata mkeka ulikuwa wa moto. Nilikuwa nikileta tende. Mlikuwa mmeshasema yale yale ya siku zote, na Ami Khalfan, sijui kwa uchovu au kwa joto, akasema: "Kugusana kwa nukta si ujirani, Maalim. Mimi na wewe Unguja tulikuwa majirani? Hatukuwa."

Sijakuona hivyo hata siku tuliyopanda meli. Ulisimama. Ukasema, "Wallahi, Khalfan, hutii tena mguu nyumbani kwangu mpaka ukubali kwamba nukta ni mpaka." Naye akatikisa kikombe chake cha kahawa, kama anavyofanya mtu aliyetosheka, akakiweka chini taratibu, akavaa makubadhi yake. Lango lilikuwa wazi na jua bado juu.

Nilidhani atarudi Ijumaa ya pili. Na kweli alirudi, ila aliishia mlangoni. Kiapo chako alikiheshimu kuliko wewe mwenyewe. Alisimama kichochoroni akaita, "Masalkheri, Maalim. Umebadili rai?" Nawe ukajibu kutoka ndani, "Wewe je?" Akasema, "Bado." Akageuka akapanda tena mlima kwenda Matrah. Mtu na akili zake anatembea njia yote ile ya mawe kuja kusema neno moja. Ijumaa nyengine hivyo hivyo. Watoto wa mtaani wakawa wanamwigiza, "Umebadili rai?" na mimi nikiwafukuza kwa ufagio, huku nikitamani kuwatandika nyinyi wawili kwanza.

Kisha ukaugua. Hapa, Baba, nakwambia wazi, nilikukasirikia na bado kidogo nimekasirika. Ulikuwa unapumua kwa shida, na kila ukisikia makubadhi nje unauliza, "Khalfan huyo?" Nikikwambia ndiye, macho yako yanafunguka. Nikikusihi umwambie aingie, unasema, "Aingie akikubali." Natoka nje nampelekea maneno yako. Ami anasimama amepakata kofia yake mikononi, ananijibu, "Mwambie siwezi kumwongopea mgonjwa." Narudi ndani. Nilikuwa mjumbe baina ya wazee wawili wanaopendana, na ujumbe wenyewe ni Arizona. Siku ya mwisho hukuuliza tena makubadhi ya nani.

Alikuwepo, nakupa habari hiyo. Ulipooshwa alikaa nje kichochoroni kwenye jua, hakuingia. Watu walimwambia aingie, akatikisa kichwa. Jeneza lilipotoka aliingia chini yake akabeba mpaka nje ya ukuta, na makaburini ndiye aliyeshuka kukupokea. Kaka wa jirani alituhadithia. Aliingia kaburini mwako kabla ya kuingia tena nyumbani mwako. Mama aliposikia hivyo alilia kwa sauti, mara ya kwanza, mpaka wanawake wakamshika.

Muda wote wa eda hakuacha Ijumaa hata moja. Aliweka kikapu kizingitini, papa mkavu, ndimu, mara moja halwa, akaita, "Bi Shawana, masalkheri. Nnakuombeeni." Mama alijibu kwa kugonga ubao wa mlango kwa kidole chake. Kugonga mara mbili, hakuna zaidi. Nami nikawa naona kitu ambacho sikukiona ulipokuwa hai, kwamba Mama hana mtu mwengine. Mimi nimezaliwa Unguja lakini sikumjua bibi yako, sikuona harusi yenu, sijui nani alipanda mkarafuu gani. Anayejua, tangu mkewe alipofariki, ni Ami Khalfan peke yake katika mji huu wote. Mama akisema "unakumbuka," mimi nabaki kutikisa kichwa kwa adabu. Ami akifa naye bila kuingia, Mama atakaa na kumbukumbu zake kama mtu mwenye fedha za nchi ambayo haipo tena.

Kwa hiyo eda ilipokwisha nikamwambia Mama kwamba nitamshinda hoja Ami Khalfan. Nitakaa na atlasi mpaka nipate njia ya kumfanya akubali, kiapo chako kitimie, aingie. Mama alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua uso, "Baba yako alikuwa na hoja ya kummaliza. Hakuitumia."

Nikamuuliza hoja gani. Akaendelea kuchambua. Halafu akanieleza, na unisamehe kwa niaba yake, maana najua ulimkataza. Akasema shamba la bibi yako na shamba la Ami Khalfan hayakupakana. Yalikuwa mashamba manne yanakutana kwenye jiwe moja, kama majimbo yenu yale, na lenu na lake yalitazamana kwa pembe. Jiwe lile Ami alilitia mwenyewe alipokuwa kijana, na hapo ndipo mlipojuana. Akakwambia kwa mzaha kwamba nyinyi si majirani, ni marafiki wa pembeni. Ukamwambia ni majirani. Mlikuwa mkitaniana hivyo miaka na miaka, kabla mimi sijazaliwa. Na mimi nikidhani mmeitoa kwenye atlasi.

Kisha siku zile tulizokimbia. Mama anasema barabarani kulikuwa na watu wenye mapanga, na mashamba yale mawili mengine walikuwa wameshayaingia, kulia na kushoto. Wewe ulikwenda ukajificha nyuma ya jiwe, ukangoja. Mama alikufuata na alikuwa kwenye kichaka, hukumjua mpaka baadaye. Akamwona Ami Khalfan anakuja kutoka upande wake, mkewe mbele, na yeye amevaa buibui la mkewe. Serveya mkubwa, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi hata siku ya kazi. Ukampa mkono juu ya jiwe. Mkewe akapita, naye akapita. Hawakukanyaga kulia wala kushoto. Kisha ukavua kanzu yako ukampa, wewe ukabaki na kikoi na fulana, ukalikunja lile buibui ukampa mkewe. Mlipofika nyumbani, Mama alikuwa ameshatangulia kwa njia ya kisimani, anachemsha chai. Ulimwambia usiku ule, "Hujaona kitu." Akakwambia hajaona.

Akitaka kupita atapita. Kumbe lile ndilo lilikuwa jibu, na lilikuwa jibu zima.

Nimelifikiria sana jambo hili, Baba, jikoni na kwenye kushona. Wewe ulitaka nukta ile iwe mpaka kwa sababu katika yote tuliyoyaacha, jambo uliloona fahari nalo ni kwamba ulikuwa na jirani akakujia, ukampokea. Ami Khalfan alikataa kwa sababu akikubali kwamba pale panapitika, basi alipita, na akikumbuka alivyopita anakumbuka alivyovaa. Hakuwa akiitetea Pensilvania. Alikuwa akiitetea kanzu yake. Nawe ulilijua hilo, ukashindwa hoja Ijumaa baada ya Ijumaa mbele ya binti yako aliyekuwa akikudharau kidogo kwenye pazia, ukanyamaza. Lakini ndiyo maana aliposema hamkuwa majirani, ikakukata.

Sasa nikuambie ya siku hizi baada ya eda kwisha. Nilikwenda na Mama kwa sheikh wa msikiti wa jirani. Akasema yamini, kile kiapo chako, imekufa na mwenyewe, na kama nyoyo zetu hazitulii, warithi walishe masikini kumi kwa kafara, basi. Ijumaa iliyopita Ami Khalfan akaja, akaita. Safari hii Mama alijibu kwa sauti, "Karibu, Khalfan." Akasema, "Bado sijakubali, Bi Shawana." Nikafungua mlango nikamweleza ya sheikh. Akanisikiliza, akasema, "Mimi sikukatazwa na sheikh, mwanangu. Nimekatazwa na mwenye nyumba."

Unanijua, Baba, damu yangu iko karibu. Nilimtazama yule mzee amesimama mbele ya kizingiti, ndevu zote vumbi la mlima, na hoja nilikuwa nayo mdomoni. Maneno machache tu. Angekubali, asingekuwa na jinsi, na kiapo chako kingetimia palepale, na Mama angempata. Nilikwisha sema, "Ami, lakini wewe mwenyewe..."

Mama akakohoa ndani. Kikohozi kidogo, cha mtu asiye na mafua.

Nikakumbuka ulivyokuwa ukinikanya nilipokuwa mdogo na ulimi mrefu: mtu huweka akiba ya mchele, ya maneno akaisahau. Nikasema, "...wewe mwenyewe umechoka. Kunywa maji." Akanywa maji palepale nje, akaenda zake.

Siku ya pili tulipika. Mama alipika wali na mchuzi wa papa, nikawapelekea sufuria wale wazee wanaokaa kwenye kivuli cha lango, na waliokuwepo walikuwa kumi na mmoja, sikumwacha mtu. Nilisema mbele yao kwamba hii ni kafara ya yamini ya Maalim, na warithi wake wamekivunja kiapo chake kwa ridhaa yao. Mmoja alikuombea dua ndefu, huku anatafuna. Mwengine aliuliza kiapo chenyewe kilikuwa cha nini. Nikasema cha ardhi.

Ijumaa hii Ami alipoita, Mama alikwenda mlangoni mwenyewe. Akasema, "Khalfan, kiapo cha mume wangu tushakilipa, watu wameshakula. Mwenye nyumba sasa ni mimi. Na mimi sina rai yoyote juu ya Amerika. Ingia." Nilikuwa nyuma yake. Ami alisimama kitambo anatazama kizingiti, na mimi nikaogopa, nikaogopa kweli, kwamba atageuka. Akavua makubadhi.

Alikunywa vikombe viwili. Alitazama fimbo yako nyuma ya mlango. Mama akamuuliza kama anakumbuka yule ng'ombe wenu mwekundu aliyekuwa akivuka kwenda kula mihogo ya watu, jina lake nani vile, na Ami akalitaja jina papo kwa papo, Bibi Harusi, na wakaanza kucheka wote wawili. Walizungumza mpaka Alasiri. Nilikuwa jikoni nikimsikia Mama anasema "unakumbuka" na kuna mtu anamjibu. Nilikaa chini kwenye kibao cha mbuzi nikakulilia, nakwambia wazi, na vitunguu havikuwepo.

Baadaye akaniita. Atlasi ilikuwa mbele yake, imefunguliwa Amerika. Akasema, "Haya, nani atasimama upande wa Maalim?" Nikakaa ulipokuwa ukikaa wewe, nikasema ni mimi. Nikaweka kidole pale pale. Nikamwambia sufuri ni fupi kuliko nyuzi zote. Akasema nukta haipitiki. Nikasema akitaka kupita atapita.

Akainua uso, Baba. Akanitazama kwa macho yale ya mpima, kisha akauliza polepole, "Mama yako amekuhadithia lolote la shamba?"

Nikasema, "Mama hapendi kuzungumza ya shamba mbele yangu, Ami." Na ni kweli, hapendi. Mama alikuwa amejishughulisha na birika. Ami akashusha pumzi, mabega yake yakashuka pamoja nayo, akanyoosha mkono. "Basi lete uzi."

Nilimpa uzi. Akapima Delawea upya. Jua lilipokaribia kuzama akavaa makubadhi, na mlangoni akageuka akaniambia kwamba ninabisha vibaya kuliko baba yangu, nahitaji mazoezi.

Basi hizo ndizo habari. Kurasa za Afrika bado zimefungwa. Mama anasema ataukata uzi siku atakayotaka mwenyewe, tusimharakishe. Kofia ninayoshona sasa ni ya Ami Khalfan, ya sikukuu, kwa sababu ile yake imechakaa kwa kupakatwa mikononi.

Lala, Baba, Mungu akupanulie pahala pako. Nakuahidi upande wako hautakosa mtu maadamu nina pumzi. Nitamtolea Ami kila hoja uliyoniachia, na nitabuni nyengine, na nitashindwa kila Ijumaa kama ulivyokuwa ukishindwa wewe. Ile moja sitaigusa. Iko palepale ulipoiweka, na akiba haiozi.

Binti yako,
Rayya